Matoka ya Nyuma ya Nyumba

Parklands, Nairobi
23 Februari 1969

Mwanangu Nyokabi, mama yangu mdogo kwa jina,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili. Je, ulifika salama? Basi halikuharibika njiani? Mimi sijambo, ila mgongo, na mgongo huo unaujua. Naandika kwa Kiswahili cha darasa la jioni la kanisani, kwa hiyo ukikuta herufi imelala, iamshe uendelee.

Mlango wa nyumba unafungika? Usilale na jiko la makaa ndani. Najua umekasirika kutolewa Nairobi ulikozaliwa ukapelekwa mahali hata njia huzijui. Lakini nani mwingine, mwanangu? Baba yako Muchiri amelala, Mungu amrehemu, na mimi siwezi kutoka hapa. Ba, yule bibi mzee wa nyumba hii, hageuki kitandani mpaka nimgeuze mimi. Akiguswa na mwingine analia. Na hawa Wahindi ninaowafanyia kazi wanahama. Mwisho wa Aprili wanakwenda ng'ambo wote, na chumba changu hiki cha nyuma kitakuwa cha wengine. Ile nyumba baba yako aliyojenga huko Kianjogu ndiyo pekee niliyo nayo chini ya mbingu.

Sasa wapima mashamba wanakuja, na baba yako mkubwa Jamleck anasema mpaka wetu na wake unapita kwenye ghala letu. Uongo! Mpaka uko chini kabisa, kwenye magimbi yake. Baba yako alinionyesha nilipokuwa bibi harusi. Wazee waliupanda kwa matoka, yale maua yenye kitunguu kikubwa kama kichwa cha mtoto, yanapandwa mstari ili ndugu wasigombane. Jamleck ameyang'oa, najua. Kitabu kinasema alaaniwe aondoaye mpaka wa jirani yake, na mimi nimesema amina.

Tembea mlima wote. Uliza kila jiwe linaitwaje na kila njia ilipitwa na nani. Kamati ya mashamba ikikuuliza neno usisimame mdomo wazi kama mtalii.

Ni mimi mama yako mwenye wasiwasi,
Wanjira

Kianjogu, Embu
6 Machi 1969

Mama mpendwa,

Salamu sana baada ya kukukumbuka. Mgongo je? Mimi nimefika, nakula, mlango unafungika, na jiko linalala nje. Nimejibu yote?

Nimetembea mpaka viatu vimefungua midomo. Anayenizungusha ni mama mkubwa Wangeci, mke wa Jamleck huyo huyo. Anasema natembea kama mtu anayeogopa kuamsha ardhi. Juu ya nyumba yetu, ukipanda kidogo, kuna mwamba mpana kama uwanja wa shule, na umetobolewa mashimo ya bao. Vijana wa zamani walikaa hapo kulinda ng'ombe, kwa maana wezi walitoka ng'ambo ya mto, na walicheza ili wasishikwe na usingizi. Nilitia kidole kwenye shimo moja. Laini kama ndani ya kikombe. Hapo ndipo inapoanzia njia ya ng'ombe ya zamani, imechimbwa na kwato mpaka ukisimama ndani yake kinachoonekana ni kifua na kichwa. Inateremka, inapita kando ya nyumba yetu, inakwenda chini kabisa. Upande wa pili ni kijito, lakini kwa sasa kina mawe tu. Nchi imekauka, mama. Nyasi zinavunjika mkononi kama biskuti.

Matoka sikuyaona. Kwenye magimbi hakuna hata dalili. Nilimwuliza baba mkubwa, akanijibu mbele ya watu, "Msichana anatafuta mpaka? Mpaka wako ni mto, utauvuka siku ya kuolewa." Nikamwambia, "Basi nisaidie kuuona huu kabla sijauvuka ule." Mama Wangeci alicheka mpaka akaketi chini. Lakini baba mkubwa anaapa hakung'oa hata moja, na macho yake hayakukimbia. Mwenyekiti wa kamati, Zachariah, ameniita nikaseme upande wetu.

Nitasema nini?

Binti yako,
Nyokabi

Parklands
14 Machi 1969

Mama yangu mdogo,

U hali gani? Nilicheka hilo jibu lako peke yangu jikoni mpaka memsabu akauliza kama ninaugua. Ulimi huo si wangu, ni wa nyanya yako uliyebeba jina lake. Lakini usimzoee sana huyo Wangeci. Unakula mboga?

Sikiliza. Matoka hayafi. Kiangazi kinakula majani, kitunguu kinabaki chini kinangoja. Hata aliyeng'oa anaacha vipande. Simama mbele ya Zachariah useme: ngojeni mvua, ardhi iseme yenyewe. Mwambie hivi, mama yangu amesema atakubali lolote ardhi itakalosema. Wataogopa neno hilo.

Niliomba ruhusa ya siku mbili nije kusimama mwenyewe. Memsabu si mtu mbaya, alishika kichwa akasema, "Yaya, na Ba je? Nani atamgeuza?" Nikarudi kumgeuza. Masanduku yamejaa barazani hadi napita ubavu ubavu. Wameuza makabati, wameuza redio, sauti yangu inarudi ukutani kama niko ndani ya mtungi. Ba ananishika kifundo cha mkono, haachi. Kuna kitu kimoja anauliza kwa Kihindi kila siku, na sasa nimejua maana yake. Anauliza, tunakwenda wapi?

Jumapili baada ya ibada nilifika Dagoretti Corner kutafuta chumba. Mwenye ploti akaniuliza, "Mama, mzee yuko wapi? Unafanya kazi gani?" Niliposema kazi inaisha Aprili, akarudisha ufunguo mfukoni. Hakunitukana. Aliurudisha tu.

Kwa hiyo shikilia hiyo nyumba, mwanangu. Shikilia kwa meno.

Mama yako,
Wanjira

Kianjogu
28 Machi 1969

Mama mpendwa,

Natumaini u mzima, na Ba pia. Mimi ni mzima, mboga nakula, hata zile chungu.

Nilisimama. Niliwaambia wangoje mvua, ardhi iseme. Zachariah akasema, "Huyu mtoto wa Muchiri anataka kamati ya serikali ingoje maua?" Wakacheka sana. Mzee mmoja akamkata Zachariah: "Cheka uchoke. Babu yako alipima shamba lake kwa nini, kwa rula?" Basi wameamua, Alhamisi baada ya Pasaka watapanda huku, na mahali watakapokuta matoka yameota, hapo ndipo patakapoandikwa. Baba mkubwa alikubali kwa sauti kubwa. Mimi nilikubali kwa maneno yako.

Na mvua imekuja! Kuna ndege aliyeita kutwa nzima, wiki nzima, mpaka nikatamani kumpiga jiwe. Kisha ikaja harufu ya vumbi lililolowa, kisha mvua yenyewe, na paa likavuja pembe ya kushoto. Asubuhi kumbikumbi walipanda kutoka ardhini kama moshi. Watoto waliwala wakiwa hai. Mimi nilikaanga wangu, usiniulize zaidi. Kuna maua mekundu ya duara, kama kaa la moto, yamechomoza penye udongo mtupu hata jani hayana. Kijito kinapiga kelele. Na mashimo ya bao kule mwambani yamejaa maji, ndege wanaoga, kila mmoja na karai lake.

Mama, mbona hukuniambia ni pazuri hivi?

Kila asubuhi nateremka kwenye magimbi kuangalia. Bado.

Binti yako,
Nyokabi

Kianjogu
Ijumaa Kuu, 4 Aprili 1969

Mama,

U hali gani? Nisamehe, siwezi kurefusha salamu.

Matoka yameota. Si kwenye magimbi. Si kwenye ghala. Nilikwenda nyuma ya nyumba kukata nyasi za kuziba paa, nikakanyaga kitu kigumu. Yametoka mstari mmoja, kutoka njia ya ng'ombe hadi kijitoni, na yanapita upande wa juu wa nyumba yetu, nyuma ya ukuta ule kitanda changu kinapoegemea. Mawili yameshafunguka, meupe yenye mlia mwekundu katikati, na yananukia. Nyumba, ghala, bustani, vyote viko upande wa chini, upande wa baba mkubwa. Chetu ni kilima kile na mwamba.

Hakuna aliyeyaona bado. Nyasi zimeyaficha na watu wote wako kanisani. Jembe liko hapa mlangoni.

Niyang'oe? Sema neno moja tu, mama. Barua hii nampa kondakta wa basi, anapajua Parklands. Atasubiri jibu lako getini.

Nyokabi

Kianjogu
11 Aprili 1969

Mama,

Nakusalimu, natumaini u mzima, maana sijui.

Kondakta alisema alikupa barua mkononi, ukaisoma umesimama, ukamwambia hakuna jibu. Sikumwamini. Nilikwenda stendi kila basi lilipoingia, hadi Jumatano. Nilikukasirikia, sitaficha. Nilisema, amenileta huku nishike nyumba kwa meno, halafu anafunga mdomo wake. Nikachukua jembe nikaenda nyuma. Nilisimama pale mpaka mbu wakashiba damu yangu. Kisha nikakumbuka tulisema ardhi iseme, na kwamba mimi ndiye niliyesema kwa mdomo wangu, wewe ulikuwa mbali. Nikarudisha jembe.

Jana walikuja. Baba mkubwa alikwenda moja kwa moja kwenye ghala na fimbo yake. Nikasema, "Wazee, si hapo. Njooni nyuma." Nikafunua nyasi kwa mkono wangu.

Zachariah alivua kofia. Baba mkubwa alifuata yale maua hadi kijitoni, akarudi, akasema, "Kumbe nimegombania ghala miaka yote hii na nyumba nzima iko kwangu?" Mzee mmoja akaangua kicheko, lakini yeye hakucheka. Aliketi kwenye kizingiti chetu. Akasema Muchiri alijenga hapa kwa sababu jiko la mama yao lilikuwa hapa. Siku hizo walikula chungu kimoja, nani angetazama mpaka?

Imeandikwa, mama. Nyumba iko kwake. Akasema mbele ya wote, "Mke wa ndugu yangu hatatolewa. Atakaa humu hadi kufa kwake, awe mgeni wangu." Watu wakamshukuru. Mama Wangeci alinishika bega.

Nilikosea?

Nyokabi

Parklands
27 Aprili 1969

Mama yangu mdogo, uliyebeba jina la mama yangu,

Nakusalimu sana. Mgongo unauma na mimi ni mzima. Umepona kuumwa na hao mbu? Chemsha maji ya kijito kabla ya kunywa.

Hukukosea. Niliposoma barua yako pale getini, Ba alikuwa anaita ndani na masanduku yako nyuma yangu. Nilijua nikishika kalamu saa ile, watakaoandika ni masanduku, si mimi. Ndiyo maana nikasema hakuna jibu, nikaenda kumgeuza Ba. Wewe ulibaki peke yako, na hilo linaniuma kuliko mgongo.

Sasa nimeelewa. Siku ile, nilipokuwa bibi harusi, nilikuwa napanda mlima huo na mzigo wa kuni mgongoni, ukanda wake kwenye paji la uso. Mtu mwenye ukanda kichwani haoni mbele, anaona vidole vyake. Baba yako alikuwa ametangulia mbali, si mwanamume hana mzigo? Nikasikia fimbo yake inagonga chini, akasema, "Mpaka ndio huu, ukumbuke." Nikatazama miguuni pangu, nikaona majani mapana ya magimbi, nikakumbuka. Kumbe nimekumbuka pale niliposimama mimi. Yeye alikuwa ameshafika juu.

Mwambie baba yako mkubwa ile laana nimeirudisha kinywani nimeimeza. Atajua ni laana gani. Mwambie na asante. Lakini mimi nimekaa nyuma ya nyumba ya watu tangu wewe hujaota meno. Sitatoka kuwa mgeni hapa nikawe mgeni pale. Kando ya mwamba kuna mahali pa kulaza kitanda kimoja, au viwili vidogo? Angalia kwanza maji yanapita wapi. Mlango na nguzo alikata baba yako kwa shoka lake, hizo hazina mpaka. Mwombe Jamleck akusaidie kuzipandisha. Akikataa, mwombe Wangeci, naona sasa ni mtu.

Ba wamempeleka uwanja wa ndege jana. Alinishika mkono mpaka kwenye gari, akauliza lile swali lake. Tangu nilipojua maana yake nimemjibu sijui. Jana nilimwambia, wewe sijui, Ba, lakini mimi nakwenda mlimani. Akaniachilia.

Nakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Nipokee stendi. Godoro utabeba wewe, sanduku abebe Jamleck kama kweli ni shemeji. Mimi nitapanda mikono mitupu, bila ukanda kichwani. Nataka kutazama mbele, niyaone hayo matoka kabla hayajanyauka.

Ni mimi,
mama yako Wanjira