Utepe wa Wino

3 Machi 1996

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila macho. Daktari anasema presha ya macho imeshalimaliza la kulia, na la kushoto linafuata.

Jumamosi walionyesha moja ya zile sinema zetu za zamani. Nilisikiliza zaidi ya kutazama. Mwandishi wa habari, kofia kichwani, sigara mdomoni, anadonoa taipureta kwa vidole viwili kama kuku! Kengele ya mwisho wa mstari hailii. Na utepe je? Umewahi kuona mwanamume wa sinema akiishiwa wino? Nilicheka peke yangu, maana wa kucheka naye hayupo.

Mimi niliyekuwa karani kwa miaka thelathini na moja napiga bila kutazama. Barua zako ananisomea jirani, za kwangu sitaki mtu azishike. Bahasha ulizonitumia zenye anwani yako zimebaki tano.

Njoo kabla jicho hili halijafunga.

Baba yako

20 Aprili 1996

Baba, shikamoo.

Pole sana na macho. Mimi sijambo, nafua mashuka ya hoteli, mikono tu ndiyo imechubuka. Huyo kuku wako amenivunja mbavu.

Lakini nije nikiwa nani, Baba? Niliondoka wiki tatu baada ya kumzika Mama, ukasema nikitoka nisirudi. Neno hilo hujalifuta. Niambie umenisamehe, nitapanda basi kesho yake. Kama bado una kinyongo, nitanyamaza.

Binti yako

15 Juni 1996

Baba, shikamoo.

Jibu lako nimelipata. Nimekuelewa. Sitakusumbua tena.

Binti yako

9 Oktoba 1997

Baba, shikamoo.

Najua wa kuitikia hayupo. Tumekuzika Ijumaa.

Jirani anasema barua yangu ya Juni ulimwambia airudie mara tatu, kisha ukaifunika taipureta. Leo nimeifunua nikuandikie kwa vidole kumi, kama ulivyonifundisha. Nikapiga mstari mzima, kengele ikalia, karatasi ikabaki nyeupe. Utepe umekauka, Baba. Ulikauka tangu wakati ule.

Nikatoa mkobani ile karatasi uliyonitumia. Tupu. Nilidhani hilo ndilo jibu, kwamba huna la kuniambia. Nimeiinamisha dirishani, nikaona alama za herufi. Nimezisoma moja moja nikilia:

“Nilikusamehe kabla hujafika kituoni. Nilikukimbilia, basi likawa limeshaondoka. Njoo. Nisipokuona nitakujua kwa unavyoburuta kandambili.”

Wino wa barua yako ya Machi ulikuwa umepauka. Niliona, na sikukuambia.

Bahasha nne bado ziko kwenye droo. Hii nimeiandika kwa kalamu, naiweka pamoja nazo.

Binti yako