Unga wa Jiwe Ndani ya Nyumba

Jumanne. Mvua tangu alfajiri, na kilima cha Osukuru hakionekani kwa ukungu. Kifua kimeniruhusu kuketi, basi naandika.

Leo nimefanya jambo baya, na nimelifanya kwa furaha.

Mwanangu Owor ameleta gunia la mchanga kutoka kwenye lundo la ule mgodi wa Busia uliofungwa vita vilipoanza. Dhahabu ya kule ni chembe ndogo mno, zimefungwa ndani ya jiwe jeupe gumu. Kinu cha Mzungu kiliacha chenga, na dhahabu iliyobaki ndani ya chenga ikatupwa pamoja na mchanga. Atakayezisaga tena, laini kabisa, ataipata.

Owor hana leseni, na anaogopa askari. Amefunga mlango na dirisha, akachukua jiwe la mkewe Athieno la kusagia nafaka ya wimbi.

“Leo watoto watakula ugali wa changarawe,” Athieno alimwambia. “Utaanza kuutafuna wewe, bwana tajiri.”

Owor alicheka, akaja kitandani kwangu nyuma ya pazia. “Baba, nitajuaje kwamba unga umelainika?”

Ni miaka mingi hakuna aliyeniuliza kitu. Mimi niliyesoma misheni, niliyesaga sampuli za mgodi kwenye bamba la chuma, siku hizi naulizwa tu kama nimekunywa uji. Nikamwambia atie kidogo kati ya meno, usipokwaruza, umetosha. Nikamwambia ausage ukiwa mkavu, kama tulivyofanya sisi, kwa sababu hivyo kazi huenda upesi. Nilisikia sauti yangu ikiwa na nguvu.

Sikumwambia habari ya vumbi.

Kwenye chumba cha sampuli tulikuwa tukitoka jioni tumekuwa weupe, tukitaniana kwamba sasa Bwana Mkubwa atatualika chai. Wenzangu wote wamekufa wakikohoa. Nyumbani nimesema siku zote kwamba mimi nasumbuliwa na baridi. Naona aibu kwamba kazi niliyojivunia ndiyo inayoniua.

Adhuhuri Athieno alimpokea mumewe jiwe, mtoto akiwa mgongoni. Vumbi lilikuwa limejaa chumba kizima. Mtoto akapiga chafya, kisha akakohoa.

Niliteremka kitandani kwa magoti. Nikaufikia mtungi wa maji ya kunywa, nikaumwaga wote juu ya jiwe.

“Baba! Kazi ya asubuhi nzima!”

Nikawaeleza yote, nikipumzika kila baada ya maneno machache. Athieno, ambaye kwa heshima ya mkwe hanitazami usoni, leo alinitazama. Akafungua mlango, akatoka na mtoto kwenye mvua.

Owor alibaki akikoroga tope kwa kidole.

“Na maji hivi, dhahabu inapatikana?”

“Inapatikana. Ila polepole.”

“Polepole,” alisema, akiutazama mlango ulioachwa wazi. “Na askari je, Baba? Nao watakuja polepole?”

Akaufunga. Kisha akalizoa tope lote, akalitandaza kwenye karai kando ya moto.

Analikausha.

Nimemsikia nikiwa nimekwisha kurudi kitandani, na sikuwa na pumzi ya kuteremka mara ya pili. Sijui nimebakiza siku ngapi. Lakini kesho, kabla hajaamka, nitakuwa nimeketi juu ya lile jiwe. Uzito wangu si kitu tena. Hata hivyo sidhani kama atathubutu kumsukuma baba yake.