Ukuta wa Mbele

Jumatatu, 3 Machi
Leo wamemaliza kubomoa. Siku nzima nimeuza vifungo na uzi, jicho moja liko ng'ambo ya barabara. Jengo tulilokulia limebaki ukuta wa mbele tu, umeegemezwa vyuma — nguzo za baraza, roshani, madirisha ya mbao yamefungwa. Msimamizi wa ujenzi alipita dukani, nikamuuliza. Eti sura ya mtaa inahifadhiwa, nyuma yake zinakuja ofisi. Sura! Mimi nimezaliwa nyuma ya sura hiyo. Baba amefia humo.

Alhamisi, 6 Machi
Mama tena — nimpeleke akaone kwetu. Nilimwambia wanakarabati, na sasa uongo umenikaba. Kaka kanigombeza kwenye simu: mwambie, mama si mtoto. Rahisi kusema ukiwa mbali. Nami napatamani, jamani! Ile sakafu ya mbao, Baba akiingia tunamjua kwa hatua tu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimepata ujanja. Ukisimama mbele, huoni kilichopungua. Jumapili mafundi hawapo. Tutatazama, tutarudi.

Jumapili, 9 Machi
Mama kavaa gauni lake la kuendea harusi. Tukasimama mbele ya duka langu. Alivyofurahi! Kanionyesha roshani alipokuwa akianika nepi zangu. Kamsimulia mlinzi wa ujenzi jinsi Baba alivyoipaka rangi, nusu ikamwagikia wapita njia. Nikaanza kupumua. Kumbe dirisha la chumba cha Mama na Baba mtu kaliacha wazi.

“Mbona chumbani kwetu kuna mawingu?”

Nikasema dari imepakwa rangi ya bluu. Sijui nilikotoa! Mama akatazama kitambo. Njiwa wawili wakakatiza nyuma ya dirisha.

“Na njiwa nao wamepakwa?”

Akacheka. Nikacheka. Tukashikana tukicheka, mpaka nikaona yeye hacheki tena. Tukarudi nyumbani.

Sasa hivi yuko chumbani, hata viatu hajavua. Kaniita. Hakugomba — afadhali angegomba.

“Duka lako linatazamana na kwetu. Uliona yote. Nieleze, mwanangu, chumba kimoja kimoja. Usinifiche.”

Kaomba chai kwanza. Naandika maji yakichemka. Nitaanza na jiko, kisha ukumbi. Chumba chao walikibomoa mwisho, ukuta wa kitandani ulisimama peke yake hadi jioni. Hilo sijui nitalisemaje. Maji yameshachemka —