Mnara Uliofunzwa Ramadhani

Gazi, Jumatatu usiku

Na bado anataka nimtetee kwa wazee! Mpwa wangu Mwanasha ndiye aliyeifunza kompyuta ya mnara wetu wa simu kutazama matumizi ya watu na kurekebisha nguvu ya mawimbi yenyewe. Aliifunza Ramadhani, watu wakipiga simu usiku na kulala mchana. Mfungo umekwisha, lakini kompyuta ingali inapunguza mawimbi mchana, kana kwamba kijiji kizima kimelala.

"Mjomba, niombee mwezi mmoja tu niifunze upya. Wazee wakikataa, kazi sina."

"Ulifunga nasi, ukala daku nasi," nilimjibu mbele ya wageni. "Hukujua kwamba Ramadhani huisha?"

Wageni walicheka. Niliwaacha wacheke.

Jana mchana mke wa jirani alishikwa na uchungu, na simu ya kuita gari haikutoka. Alizalia sakafuni. Mtoto yuko hospitalini, hali yake si nzuri.

Kesho barazani nitasema kompyuta hiyo iondolewe. Najua mshahara wa Mwanasha ndio unaomtibu mama yake, dada yangu. Nitasema hata hivyo.

Sasa hivi amekuja kuniaga kabla ya kulala. "Shikamoo, mjomba." Sikuitikia. Bado amesimama mlangoni akingoja, nami naandika.