Dole Gumba la Marehemu

Jumapili, 2 Machi

Ibada imekuwa ndefu. Mchungaji ametangaza kwamba fomu za sahihi zimekamilika. Tunaliomba Bunge liandike kwenye katiba kuwa nchi hii ni ya Kikristo, na sheria zote zipimwe kwa Biblia. Vigelegele! Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye katibu wa kanisa na ndiye aliyezungusha fomu. Kanishika mkono mlangoni. Kanisa zima limesaini, shemeji, umebaki wewe tu. Nikamwambia nimesahau miwani nyumbani. Miwani ilikuwa mkobani — Mungu anisamehe.

Mkono wake ukanikumbusha. Utotoni mume wangu alimkata dole gumba la kulia kwa patasi ya baba yao. Kovu likabaki, limepita katikati kama ufa wa ukuta. Ukubwani msumeno ukamlipizia: ukaondoka na dole gumba lote la kulia la mume wangu. Alikuwa akicheka. Sisi ndugu wa vidole, mmoja ana ufa, mwingine hana hata ukuta!

Miezi minane sasa. Kiti chake bado nakipangusa kila asubuhi.

Jumatatu, 3 Machi

Hizo fomu zimeletwa masjala ya serikali ninapofanya kazi. Maboksi manne! Kazi yetu ni kukagua kurasa, kutoboa, kufunga kwa utepe. Halafu karani, mimi au mwenzangu, anaandika "nimehakiki" na kusaini kila furushi. Bila hiyo haziendi popote. Gari la kwenda Bungeni linaondoka Ijumaa.

Mwenzangu wa masjala, tunayemwita Kalamu Mbili kwa sababu moja haimtoshi, ni mtu wa msikitini. Kayatazama maboksi. Mama, hii ikipita, mimi nitakuwa mgeni wa nani? Kasema kwa utani. Sikucheka. Naye hakucheka.

Jumanne, 4 Machi

Shemeji kapita nyumbani jioni. Hakukaa kwenye kiti cha kaka yake, kakizunguka. Kauliza fomu zimefika salama? Nani anazishika? Maswali mengi kwa mtu aliyekuja kunijulia hali.

Halafu kasema maneno yaliyonichoma. Shemeji, kaka alikufa kwa kukosa sindano, na dawa zilikuwepo, ziliibwa. Wakubwa hawamwogopi mtu. Basi sheria iwafundishe kumwogopa Mungu.

Nimelia kidogo. Ana ukweli wake. Lakini namkumbuka yule bwana wa stoo ya dawa aliyetuambia zimekwisha. Alikuwa na msalaba kifuani, mkubwa kuliko wa mchungaji. Yeye alihitaji sheria gani tena?

Jumatano, 5 Machi

Boksi la tatu, ukurasa wa mia na kumi na mbili. Jina la mume wangu. Herufi nzuri, tarehe ya Februari mwaka huu. Na kwenye nafasi ya dole gumba la kulia, alama — ya wino wa zambarau.

Dole ambalo msumeno ulishalichukua.

Alikataa! Mimi nilikuwepo. Shemeji alimletea fomu ya kwanza hospitalini, mto ukiwa umelowa jasho. Mume wangu akasema polepole: mdogo wangu, serikali ikianza kusali kwa niaba yangu, mimi nitabaki na nini? Shemeji akaikunja fomu, akamlisha uji. Waliagana vizuri.

Nimemwonyesha Kalamu Mbili. Kasema, makubwa haya! Marehemu wenu sasa wanatunga sheria. Halafu kaona uso wangu. Samahani, mama.

Tumetazama kurasa za jirani. Mzee aliyekuwa anapiga kengele yumo, naye tulimzika. Mwalimu wa kwaya aliyehamia kwingine, yumo. Majina yamefuatana kama kwenye daftari la washirika, lile la zamani lisilofutwa mtu. Mtu amekaa na daftari akanakili tu.

Alhamisi, 6 Machi

Sikulala vizuri. Jana jioni kwenye maombi kanisani kila aliyenisalimu nilimtazama mikono. Nimekuwa mtu gani mimi? Hawa ndio walionipikia siku saba za msiba. Waliochimba kaburi ni hawa.

Nimemwomba Kalamu Mbili asaini yeye, au akatae yeye. Katikisa kichwa. Mimi nikikataa watasema ni dini yangu. Wewe ni mwenzao, mama.

Leo nimechukua miwani na lenzi ya bosi. Ile alama ya dole ina mstari mweupe katikati, wa kukatiza. Nimeitazama mara tatu. Ufa.

Nimefunga boksi. Nimeosha mikono.

Ijumaa, 7 Machi — ofisini

Naandika juu ya goti. Gari lipo nje, dereva kawasha injini. Mchungaji na shemeji wamesimama kaunta. Mafurushi matatu nimeshasaini. Bado hili la boksi la tatu.

Mchungaji anatabasamu. Mama, taifa linakusubiri wewe.

Nimemfungulia shemeji ukurasa. Kasoma. Halafu kwa sauti ya chini: angekuwa hai, shemeji, angesaini. Ni kwa ajili yake.

Nikamwambia alikuwa hai ulipomuuliza.

Mchungaji anauliza kuna nini. Nikasema kama alama hii ni ya mwingine, mimi nitaomba radhi mbele ya kanisa zima, nitasaini, na jina langu nitaliandika la kwanza. Nimetaka hivyo kweli. Nimetamani niwe nimekosea.

Nimeweka karatasi nyeupe kaunta. Nimefungua pedi ya wino nikaisogeza mbele ya shemeji.

Dereva anapiga honi. Kalamu Mbili kanisogezea kalamu yake ya pili, hata hajaniangalia.

Shemeji ameingiza mkono wa kulia mfukoni.