Kufutwa kwa Pumzi ya Shimo Jeusi

CHAMA CHA WATAZAMA ANGA, MIGORI NA HOMA BAY

Kikao cha dharura, Jumapili tarehe 17 Agosti 2025, saa nane mchana (kilianza saa tisa), chumba cha nyuma cha saiba ya intaneti, Rongo.

WALIOHUDHURIA
Onchiri – Mwenyekiti, mpima ardhi mstaafu
Phelesia – Makamu, muuza samaki, Takawiri
Matiko – Mweka hazina, Osiri
Valary – Mwanachama, mwalimu wa fizikia
Makori – Katibu, ambaye yeye na fizikia waliachana kidato cha pili bila ugomvi

ALIYEKOSEKANA
Tony, ingawa ujumbe aliuona na kuujibu kwa kidole gumba.

KUMB. NA. 1/8/2025: KUFUNGUA
Mwenyekiti alieleza kwamba hakukuwa na dharura yoyote. Mwalimu Valary alisema ipo.

KUMB. NA. 2/8/2025: KUMBUKUMBU ZILIZOPITA
Katibu alisoma uamuzi wa Julai: kwamba shimo jeusi linalofuatiliwa na chama hupumua kila baada ya dakika tisini na tano. Alipendekeza Phelesia, akaunga mkono Matiko. Mwalimu, aliyeleta mchoro, alikuwa ameandika "huenda linapumua", lakini Mwenyekiti aliona neno hilo linaonyesha woga, likaondolewa kwa kauli moja. Mwalimu alikumbusha kwamba haikuwa kauli moja. Katibu alirekebisha.

KUMB. NA. 3/8/2025: PUMZI YENYEWE
Kwa faida ya Matiko, ambaye Julai aliunga mkono kwanza ili aelewe baadaye, Mwalimu alieleza upya. Shimo hilo lina nyota ya karibu, nalo huinyonya gesi kama shemeji aliyesema amekuja kwa wiki moja. Gesi huzunguka shimo ikipata moto mpaka inatoa eksirei, nazo hazitulii, mara zinapanda, mara zinashuka. Setilaiti huzipima, na vipimo huwekwa mtandaoni kwa yeyote mwenye bando.

Wiki hii Mwalimu alifungua vipimo vya mashimo mengine mawili kutoka setilaiti hiyo hiyo. Yote mawili yalipumua kila dakika tisini na tano. Matiko aliuliza kama ni ndugu. Mwalimu alijibu kwamba hayajuani hata kidogo. Dakika hizo ni muda wa setilaiti kuizunguka dunia. Kila mzunguko, dunia huikinga isione kitu, na vipimo hukatika. Kwa hiyo chama kilikuwa kimepigia kura safari ya setilaiti.

Phelesia aliuliza kama setilaiti inaweza kupongezwa.

KUMB. NA. 4/8/2025: UAMUZI UFUTWE AU UKAE
Katiba ya chama hairuhusu uamuzi kufutwa kabla ya miezi sita bila idhini ya Mwenyekiti. Alhamisi Mwalimu anasimama Nairobi mbele ya wanaastronomia, akiwemo profesa atakayeamua kama atamchukua kwa shahada ya uzamili. Mada ilishatumwa, ikiwa na pumzi ndani yake.

Mwenyekiti alieleza kwamba uamuzi ulipita kihalali, ameutangaza redioni, na shimo lenyewe halijaleta malalamiko. Matiko alisema halali ni halali. Phelesia alimwambia, "Omera, ndugu yangu, wewe unaunga mkono hata upepo," kisha akamgeukia Mwalimu akamwomba aseme lililo moyoni.

"Mwenyekiti, nikisema nilikosea, wataniuliza nilijuaje," alisema Mwalimu. "Hilo nina jibu lake. Nikisema shimo linapumua, sina."

Mwenyekiti alivua miwani.

"Na mimi kanisani niwaambie nini, mwalimu? Sabato iliyopita wameliombea."

Phelesia alishauri maombi yaachwe hapo hapo, maana shimo linalomla mwenzake linayahitaji kuliko lile linalopumua. Katibu alicheka, akaombwa atoke nje kidogo. Aliporudi alikuta Mwenyekiti anauliza, kwa sauti ya chini, kama baada ya kuondoa hiyo setilaiti chama kimebaki na kitu chochote.

Mwalimu alifungua mchoro mwingine, ambao aliuchora kwa vipande vya muda ule tu setilaiti ilipokuwa ikiona. Ulikuwa mstari wa kuchezacheza usio na mpigo wowote. Lakini shimo lilipong'aa zaidi, mchezo nao ulikuwa mkubwa zaidi. Lilipofifia, mchezo ulipungua. Alikiri kwamba wengine walishaliona jambo hilo miaka mingi iliyopita.

"Kwa hiyo si letu," alisema Mwenyekiti.

"Si letu. Lakini hili linatoka huko kweli, mzee."

Mwenyekiti alisogeza kiti karibu na kompyuta.

ILIAMULIWA: Pumzi imefutwa kwa idhini ya Mwenyekiti. Mwalimu ataeleza Nairobi kosa lilivyotokea na lilivyokamatwa, kwa jina la chama. Mwenyekiti atarudi redioni mwenyewe. Matiko aliunga mkono kabla hapajapendekezwa kitu.

KUMB. NA. 5/8/2025: KUFUNGA
Phelesia alifunga kwa sala saa kumi na moja na nusu jioni. Mwenye saiba alianza kuzima mitambo. Mwenyekiti aliomba kompyuta hii moja iachwe kwanza, akamuuliza Mwalimu kama mchoro unaweza kukuzwa kidogo pale katikati, shimo linapong'aa.

Onchiri, Mwenyekiti: (sahihi, amesaini bila kuangalia karatasi)

Makori, Katibu: (sahihi)