Nusu ya Beti

Utemini, Singida
4 Juni 2023

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini Dodoma hawakuchoshi na macho yanaendelea vizuri tangu upasuliwe. Mimi sijambo. Noel ana miezi mitano sasa, ila bado mwepesi kama kifaranga, na kulia kwake ni kule kule, mdomo unafunguka sauti haitoki. Daktari anasema mapafu ya mtoto aliyezaliwa kwa mimba ya miezi saba hukomaa polepole. Nami nangoja.

Nyumba yako uliyonipokea, mimi nisiye damu yako, naitunza. Nafagia kote, isipokuwa kile chumba cha mwisho ulichokifunga kufuli. Ulisema kwenye simu husikii vizuri, niandike. Basi naandika.

Bibi, unakumbuka uliponikuta napuliza makaa jikoni, mimba kubwa na baba wa mtoto ameshaondoka, ukanifundisha ule mstari wa Kiurdu? Bujhi nahin hai raakh, zara phoonk kar to dekh. Jivu halijazimika, hebu puliza uone. Ukaniambia desturi ya kwenu, kwamba msomaji akitoa mstari wa kwanza, msikilizaji anaurudia, ndipo apewe wa pili. Mimi nimerudia tangu siku ile, wa pili hujanipa. Ukawa unacheka tu, eti siku yake bado.

Sasa kila nikiwasha jiko nausema peke yangu. Unanipa nguvu. Jumanne mchana, upepo umekufa kabisa, nikausema, na mtu akaurudia. Alikuwa ndani ya kile chumba cha kufuli. Sauti ya mwanamke, taratibu, kama anayesema haya, endelea.

Nilikwenda kutazama. Kufuli lilikuwa na vumbi lake.

Mjukuu wako,
Martina

Dodoma
13 Juni 2023

Mjukuu wangu Martina,

Marahaba. Mimi mzima kiasi. Macho yamefungwa kitambaa, anayeniandikia ni binti yangu Nasrin. Mbusu Noel.

Usikimbie. Chumba kile kilikuwa cha mama yangu. Baba alikuja kutoka Bara Hindi na ujenzi wa reli, na mama alizika watoto wawili Manyoni. Mimi wa tatu nikazaliwa kimya, kama Noel wako. Beti hiyo aliitunga yeye. Mstari wa kwanza aliusoma mbele ya wageni. Wa pili aliniambia sikioni siku anakufa, na mimi sijamwambia mtu, hata huyu Nasrin anayeandika.

Sikukunyima kwa uchoyo. Aliyepewa beti nzima hukunja mkeka akaenda zake. Mwenye nusu hungoja, na anayengoja haachii. Imani ninayoijua mimi ndiyo hiyo.

Anayerudia mstari hana ubaya, ni msikilizaji. Ila mlango usimfungulie.

Bibi yako,
Shamim

Utemini
25 Juni 2023

Bibi,

Shikamoo. Poleni na baridi huko. Sisi tupo.

Sikumfungulia. Ila anatoka mwenyewe. Juma lililopita alirudia akiwa koridoni. Alhamisi alikuwa nyuma ya pazia la jikoni, na pazia halikutikisika. Noel anamwona. Anageuza kichwa polepole, kama anayemfuata mtu anayepita.

Nilimweleza jirani, Mama Ignas, akiwa anapepeta alizeti. "Nyumba ya Wahindi hiyo," akasema, "hata mizimu yake inangoja chai." Tukacheka. Halafu akaweka ungo chini. "Ila rudi kwenu Ilongero, mdogo wangu. Mtoto mwenyewe huyo pumzi yake ni ya kuazima."

Sirudi. Hapa hospitali ni karibu, na daktari ameonya kwamba Noel anaweza kusahau kupumua. Neno hilo ndilo linaniogopesha, siyo sauti.

Nipe mstari wa pili, Bibi. Si vizuri kumwacha mtu amesimama anangoja.

Mjukuu wako,
Martina

Utemini
18 Julai 2023

Bibi,

Shikamoo. Hukujibu, na simu haipatikani. Naomba Mungu iwe ni macho tu.

Ijumaa, adhana ya mchana imeisha, Noel alisahau. Nilikuwa namwogesha. Akalegea, midomo ikawa zambarau. Nikamwita Mama Ignas, hakuwepo. Nikaitafuta Baba Yetu, sala niliyoijua tangu utoto, nikaikosa. Kilichotoka ni ule mstari.

Hakuna aliyeurudia. Ukaja mwingine nisioujua, na safari hii sauti ilikuwa yako. Ilikuwa karibu na shingo yangu, nikasikia joto lake. Chingari teri saans ki raah dekhti rahi.

Sikuelewa hata neno. Lakini wa kwanza nauelewa. Nikafunika mdomo na pua yake kwa mdomo wangu, nikapuliza kidogo kidogo, vile tunavyopuliza kaa la kuomba kwa jirani lisitawanyike. Mara ya tatu akalia. Alilia kwa sauti, Bibi, mpaka watu wa barabarani wakaingia ndani. Tumelazwa siku tatu, tumerudi jana.

Ndio wenyewe? Una maana gani?

Mjukuu wako,
Martina

Dodoma
24 Julai 2023

Mdogo wangu Martina,

Salamu kwako na kwa Noel. Barua zako mbili nimezifungua leo, nisamehe. Mama alianguka tarehe 24 Juni, asiseme tena.

Ijumaa ile unayoisema, baada ya adhana ya mchana, alitamka mstari mmoja wa Kiurdu, wazi kabisa, kama anamsomea mtu aliyekaa naye. Kisha akauliza kwa Kiswahili, "Amesikia?" Tukasema ndiyo, bila kujua ni nani. Akatuaga.

Kilio kilinizidi, sikuushika mstari. Nimeukuta kwenye barua yako. Maana yake, cheche ilikuwa ikiingojea pumzi yako.

Endelea kukaa kwenye nyumba. Ufunguo wa chumba umo ndani ya bahasha.

Dada yako,
Nasrin

Utemini
6 Agosti 2023

Bibi yangu,

Barua hii haina basi la kuipeleka. Nitaipitisha chini ya mlango wa kile chumba. Ufunguo nimeutundika, sijafungua, kwa sababu ulinikataza.

Noel ameanza kukaa mwenyewe. Kelele zake Mama Ignas anazilalamikia, nami nafurahi.

Leo mchana upepo umekufa tena. Nikasoma mistari yote miwili. Kimya. Nikaona aibu, nimeanza kusoma kabla ya kusalimia wakubwa. Nikapiga goti mbele ya mlango, Noel mgongoni, nikasema shikamoo.

Nikasikia "marahaba." Waliitikia wawili.

Mjukuu wenu,
Martina